Kupunguza siku za kubeba uchafu: je, mpango huu unaweza kutufaa huku Kivu?

Jumamosi tunafanya salongo. Mitaro inasafishwa, uchafu unatolewa ndani ya maji na kuachwa pembeni, kisha kila mtu anarudi kwake. Mvua ya Jumapili ikinyesha, ule uchafu unarudi mule mule ulimotoka, na kutoka hapo unashuka mpaka ziwani. Wakaaji wa Bukavu na wa Goma wanaijua vizuri hadithi hii.

Sasa kuna mpango huko Uingereza ambao kwa kuusikia mara ya kwanza wengi wetu tunaweza kucheka. Miji mingi huko imepunguza kwa makusudi mara za kubeba uchafu wa nyumbani, ili raia watenganishe vitu vinavyoweza kutumika tena. Falkirk, katika Scotland, ilianza mwaka 2014: gari la uchafu likawa linapita kila wiki tatu. Bury, karibu na Manchester, ikafuata mwaka ule ule. Mwaka 2018 Conwy, katika Wales, ikafika wiki nne.

Mtu wa Kadutu atauliza: wao wanapunguza, na sisi tupunguze nini, wakati kwetu hakuna gari linalopita? Swali hilo ni la haki. Lakini ndani ya mpango ule kuna jambo moja ambalo linatuhusu sana, na haliko hesabu ya siku.

Kilichopunguzwa ni nini?

Tuchukue Conwy. Kinachongoja wiki nne ni uchafu uliobaki tu, ule ambao hauna kazi tena. Mabaki ya chakula yanabebwa kila wiki. Karatasi, makopo, chupa na plastiki pia kila wiki. Familia yenye mtoto mchanga inaweza kuomba pampasi zibebwe kila wiki.

Kwa hiyo kitu kinachonuka hakikai nyumbani mwezi mzima. Mwenye kutenganisha anaona pipa lake lina nafasi mpaka siku ya gari. Asiyetenganisha, pipa linamjalia mapema, na hakuna wa kumlaumu. Raia wengi walilalamika mwanzoni juu ya inzi, panya na harufu, na manung'uniko hayo hayajaisha kila mahali. Lakini Wales, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inaokoa chini ya 5% ya uchafu wake, ilikuwa imepita 65% mwaka 2022-2023.

Siku peke yake hazikufanya kazi hiyo. Serikali ya Wales iliweka sheria yenye malengo: 58% mwaka 2015-2016, 64% mwaka 2019-2020, 70% mwaka 2024-2025. Mji usiofikisha unaweza kutozwa faini. Na kila nyumba ilipewa chombo cha kuweka mabaki ya chakula. Huduma ilitangulia, ndipo siku zikapunguzwa.

Gunia letu lina nini?

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilionyesha kwamba katika nchi maskini 39% tu ya uchafu ndiyo inayokusanywa. Ilionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya uchafu wa nchi hizo, 56%, ni mabaki ya chakula na majani. Hata bila ripoti, mama yeyote anayepika anajua. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya muhogo, vijiti vya sombe, majani ya mahindi: hivyo ndivyo vinajaza gunia, na ndivyo vinalifanya liwe zito na linuke.

Njo hapa fundisho la Conwy linapotufikia. Kitu kinachotulazimisha kutoa uchafu haraka haraka ni maganda. Plastiki haiozi, inaweza kungoja. Makopo yanaweza kungoja. Lakini tukichanganya vyote ndani ya gunia moja, hakuna kinachoweza kungoja, na hakuna kinachoweza kuokolewa: chupa iliyolala siku tano ndani ya maganda yaliyooza haina mnunuzi.

Na gunia likinuka wakati mbebaji hajafika, tunajua linaenda wapi. Bukavu linaenda bondeni, kwenye mto Kawa, kisha ziwani. Goma nako kuchimba shimo katika mawe ya volkano ni kazi ngumu, hivyo linatupwa kwenye kiwanja kitupu au linachomwa, na moshi wa plastiki wanauvuta watoto.

Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutokea, nayo ni Ruzizi. Pale ndipo kuna bwawa la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950. Chupa na sashe tunazotupa zinakusanyika mbele ya mashine zake. Mara kwa mara wafanyakazi wa SNEL wanalazimika kuzitoa majini, hata kwa kuzamia, na mashine zinapoziba umeme unakatika. Ile sashe iliyotupwa mtaroni inarudi nyumbani kama giza.

Chenye bei hakitupwi

Angalia kitu kimoja: ni nadra kukuta chupa nzima ya bia mtaroni. Kwa nini? Kwa sababu chupa tupu, ile vidanji, iko na bei. Mtoto akiiona anaiokota na kuipeleka dukani. Bidoni ya njano nayo haitupwi mpaka ipasuke kabisa. Watu wetu wanajua kutumia tena vitu kuliko Wazungu wengi. Kinachotushinda ni kile ambacho hakina mnunuzi, hasa sashe. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki nchini, lakini sokoni ingali inauzwa. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008 na ikafuatilia.

Maganda pia yanaweza kuwa na kazi. Mbuzi na nguruwe wanayala. Dende, wale wanyama wadogo wanaofugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu ya Kusini, wanaishi kwa majani na maganda. Maganda ya muhogo yakaushwe juani kwanza, maana yakiwa mabichi yanaweza kuwa na sumu. Yanayobaki yanakuwa mbolea, na maganda makavu yanaweza kutengenezwa makaa ya kupikia, na hivyo kupunguza miti inayokatwa Virunga na Kahuzi-Biega.

Hatari iko wapi?

Hapa tuseme ukweli. Nyumba nyingi za miji yetu zinabebewa uchafu na vijana au vikundi vinavyolipwa kwa gunia ama kwa mwezi. Siku zikipunguzwa na bei ikabaki ile ile, huo hautakuwa tena mpango wa usafi, itakuwa ni kuuziwa huduma nusu kwa bei nzima. Familia zitaacha kulipa, na bonde litapokea.

Wa kwanza kuumia watakuwa wapangaji. Parsele moja inaweza kuwa na familia tano, bila shamba, bila mbuzi, bila pa kuweka gunia la pili. Vita vimeongeza watu katika miji yetu, na wengi wanaishi katika nafasi ndogo kuliko zamani. Kumwambia mama wa namna hiyo "tenganisha" bila kumwonyesha maganda yataenda wapi ni kumpa kazi bila chombo.

Kwa hiyo mpango wa namna hii ukiletwa siku moja mtaani kwenu, muulize mambo matatu kabla ya kukubali. Maganda yatabebwa na nani, na siku gani? Plastiki iliyotenganishwa itanunuliwa na nani? Na gunia likitoka mara mbili kwa mwezi badala ya nne, bei itashuka kiasi gani?

Sheria ya mwaka 2008 juu ya mamlaka za mahali inaweka usafi katika kazi za mji na komini, kwa hiyo maswali haya yana mtu wa kuyajibu. Lakini avenyu haihitaji kungoja meya ili kuanza kidogo. Jirani mmoja mwenye nguruwe, nyumba kumi zenye ndoo moja moja ya maganda, na mtoto wa kuzizungushia jioni: gunia lililokuwa linajaa kwa wiki moja linaweza kufika wiki mbili. Hapo ndipo mama ataweza kumwambia mbebaji: "Mwanangu, pita Jumamosi ijayo, na bei tuongee upya."