Mkongwe au Chipukizi: Nani Apewe Namba?

Kuna ligi moja huko Marekani isiyo na uwanja, isiyo na mwamuzi wala kombe. Huanza mwezi wa Novemba na kumalizika Februari, wakati msimu wa besiboli umekwisha na wachezaji wamekwenda makwao. Watu wa huko huiita ligi ya jiko la moto, kwa kuwa hapo zamani wapenzi wa mchezo huo walikuwa wakikutana madukani siku za baridi, wakalizunguka jiko na kubishana hadi usiku. Majina ya wanaobishaniwa hubadilika kila mwaka, lakini ubishi wenyewe ni ule ule. Je, mkongwe aliyeiletea timu sifa aongezewe mkataba? Au nafasi yake apewe kijana ambaye bado hajajulikana?

Msomaji atauliza: besiboli yatuhusu nini? Kwetu mchezo huo ni mgeni, ingawa mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto. Lakini swali lenyewe si geni hata kidogo. Hakuna nyumba wala ofisi isiyo na mkongwe wake na chipukizi wake. Tofauti ni kwamba katika besiboli kila tendo huhesabiwa na kuandikwa, kwa hiyo makosa ya wakubwa wanaochagua hayafichiki.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini umri una uzito mkubwa katika mchezo huo. Mrushaji husimama umbali wa kama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji, kisha humrushia mpira mgumu ambao aghalabu huenda kasi ya kilomita 150 kwa saa au karibu na hapo. Mpira huo humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo jicho halina budi kuona, akili kuamua na mikono kuzungusha gongo. Akichelewa kufumba na kufumbua, amekosa. Tena hufanya kazi hiyo katika michezo 162 kwa msimu mmoja. Ndiyo maana wapigaji wengi hufikia kilele chao kati ya miaka 26 na 29, na wakishapita 30 nguvu huanza kupungua kidogo kidogo, kama maji yanayovuja katika mtungi wenye ufa.

Wanaowatetea vijana husema basi, ushahidi umetosha. Huongeza kwamba kijana ni nafuu. Mchezaji anayeingia ligi kuu hubaki chini ya timu yake kwa muda wa kama miaka sita ya utumishi kabla ya kuwa huru kwenda atakako, na miaka ya mwanzo hulipwa ujira mdogo ukilinganishwa na ule wa mashuhuri. Mkongwe aliye huru, kwa upande wake, hudai mamilioni ya dola, na aghalabu hulipwa kwa yale aliyoyafanya jana.

Tena iko sheria ya orodha. Wakati wa baridi timu huruhusiwa kuandika majina 40 tu. Kijana aliyekwisha kukaa miaka kadhaa katika timu za chini, asipoandikwa katika orodha hiyo, aweza kuchukuliwa na timu nyingine kwa malipo madogo. Kwa hiyo kila mkongwe anayebakizwa humsogeza kijana mmoja karibu na mlango. Timu ya Brooklyn Dodgers iliujua uchungu huo chini ya kanuni za zamani za usajili. Mwaka 1954 ilimweka kijana mmoja wa Puerto Rico katika timu yake ya Montreal, nje ya kikosi cha ligi kuu. Mwezi wa Novemba Pittsburgh Pirates ikamchukua kwa dola 4,000. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 20, na jina lake Roberto Clemente. Aliichezea Pittsburgh misimu 18, akaisaidia kutwaa ubingwa mwaka 1960 na tena mwaka 1971, akafikisha mapigo mazuri 3,000.

Lakini wanaowatetea wakongwe nao wana hoja zao. Husema kwamba kijana hajui la kufanya siku mambo yanapoharibika. Akishindwa mara tatu, hudhani ameshindwa milele. Mkongwe amekwisha kushindwa mara elfu, na bado kesho yake aliamka akaenda kazini. Penye wazee, husema wao, haliharibiki neno.

Nani mkweli? Jibu bora limo katika majira ya baridi ya mwaka 1990 kuingia 1991, na katika timu mbili zilizokuwa za mwisho kabisa katika makundi yao: Atlanta Braves na Minnesota Twins.

Atlanta ilikuwa imeshinda michezo 65 na kushindwa 97. Hata hivyo haikuwa maskini wa vijana. Kwa miaka kadhaa Bobby Cox, kwanza akiwa meneja mkuu na baadaye mwalimu wa timu, alikuwa amewalea warushaji wachanga: Tom Glavine, John Smoltz na Steve Avery. Walikuwa na mikono ya ajabu, lakini mpira ulipopigwa, wale waliokuwa nyuma yao walishindwa kuudaka. Kijana hutupa mpira mzuri, mwenzake huuangusha, naye huanza kuishuku kazi yake mwenyewe.

Meneja mkuu mpya, John Schuerholz, alipoingia Oktoba 1990 aliliona jambo hilo. Hakuwauza vijana ili anunue wapigaji wenye majina makubwa. Aliwatafuta watu wazima wenye mikono isiyoangusha: Terry Pendleton wa kulinda kituo cha tatu, Sid Bream wa kituo cha kwanza, na Rafael Belliard wa katikati. Hakukuwa na sababu ya watu kushangilia. Pendleton alikuwa na miaka 30, na katika msimu uliopita huko St. Louis alifanikiwa kupiga mara 23 tu katika kila 100. Kwa hesabu za kawaida huyo ni mtu anayeteremka mlima.

Msimu uliofuata Pendleton alipiga karibu mara 32 katika kila 100, akawa wa kwanza katika ligi yake na kutunukiwa heshima ya mchezaji bora. Glavine, mwenye miaka 25, alishinda michezo 20. Avery, mwenye miaka 21, alishinda 18. Timu iliyokuwa mkiani ikashinda michezo 94 na kufika fainali ya ubingwa.

Huko Minnesota nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Timu ilimchukua mrushaji Jack Morris, aliyekuwa amemaliza misimu 14 huko Detroit, na mwaka wake wa mwisho huko alishindwa michezo 18. Pamoja naye ikampa nafasi ya kudumu kijana Chuck Knoblauch, ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Mkongwe na chipukizi wakaingia kwa mlango mmoja, msimu mmoja.

Timu hizo mbili zikakutana katika fainali. Katika karne ya 20 ilikuwa haijatokea timu iliyoshika mkia kufika hapo mwaka wa pili yake, na sasa zilifika mbili kwa pamoja. Baada ya michezo sita zilikuwa sawa, tatu kwa tatu. Usiku wa tarehe 27 Oktoba 1991, katika mchezo wa saba, Minnesota ilimpa mpira Morris, mwenye miaka 36. Atlanta ilimpa Smoltz, mwenye miaka 24, aliyekulia Michigan, huko huko ambako Morris alikuwa shujaa.

Zamu saba zilipita bila pointi. Katika zamu ya nane Lonnie Smith wa Atlanta, mkongwe wa miaka 35, alikuwa akikimbia vituo Pendleton alipoupiga mpira mbali. Knoblauch akajifanya kana kwamba mpira uko kwake. Smith akasita, na badala ya kufunga pointi akaishia kituo cha tatu. Hadi leo watu wangali wakibishana kama ni hila ya kijana iliyomchelewesha, au ni yeye mwenyewe aliyeupoteza mpira machoni. Vyovyote iwavyo, Morris alimaliza zamu hiyo bila kufungwa.

Katika zamu hiyo hiyo Smoltz alipumzishwa, naye alikuwa hajafungwa hata pointi moja. Baada ya zamu ya tisa mwalimu wa Minnesota alitaka kumpumzisha Morris pia. Morris akakataa, akarudi kurusha zamu ya kumi. Ndipo mwenzake Dan Gladden, mwenye miaka 34, akapiga na kukimbia mpaka kituo cha pili. Akaja Knoblauch, mwenye miaka 23. Hakutafuta sifa ya kupiga mpira mbali. Aliugusa tu polepole, yeye mwenyewe akatolewa, lakini Gladden akasogea mpaka kituo cha tatu. Muda mfupi baadaye Gene Larkin akapiga, Gladden akaingia nyumbani, na Minnesota ikawa bingwa kwa pointi moja kwa bila.

Wabishani wa jikoni waangalie vizuri pointi hiyo ilivyopatikana. Mkongwe aliilinda timu kwa zamu kumi, kijana alijitoa ili mkongwe mwingine asogee. Hapo nani aliyeshinda, uzee au ujana?

Kisa cha Smoltz nacho kina lake la kufundisha. Mwaka 1987 alikuwa mali ya Detroit. Mwezi wa Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 20, Detroit ilimtoa kwa Atlanta ili impate Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36. Alexander alishinda michezo tisa bila kushindwa hata mmoja, na Detroit ikaongoza kundi lake. Kisha ikatolewa kabla ya fainali, na baada ya mwaka 1989 Alexander akaacha mchezo. Smoltz alicheza hadi mwaka 2009, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli. Detroit haikudanganywa, kwani ilipata ilichokitaka. Ila bei yake iliendelea kulipwa miaka ishirini baadaye.

Hatari ya upande wa pili iliwapata Philadelphia Phillies. Timu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 2008, ikiongozwa na Ryan Howard, Chase Utley na Jimmy Rollins. Aprili 2010, Howard akiwa bado na karibu misimu miwili katika mkataba wake, alipewa mkataba mwingine wa miaka mitano wa dola milioni 125, wa kuanzia mwaka 2012, atakapokuwa na miaka 32. Mwaka 2011 timu ilishinda michezo 102. Lakini mchezo wake wa mwisho wa mtoano ulikwisha kwa Howard kuanguka njiani akielekea kituo cha kwanza, mshipa wa kisigino umekatika. Hakurudia tena nguvu zake za awali. Mwaka 2012 timu ilishinda michezo 81, mwaka 2013 ikashinda 73, na mwaka 2015 ikashinda 63 tu na kushindwa 99.

Kosa la Philadelphia halikuwa kuwapenda wakongwe wake. Lilikuwa kulipa shukrani kwa mkataba. Shukrani ni deni la jana, na mkataba ni kazi ya kesho. Anayevichanganya humdhulumu hata yule anayemshukuru, kwa maana humwacha asimame uwanjani azomewe na watu wale wale waliomshangilia.

Basi wachaguzi wasiulize umri kwanza. Waulize: mtu huyu ana kitu gani leo ambacho timu haina? Pendleton hakupewa namba kwa sababu ya utu uzima wake. Alipewa kwa sababu vijana walihitaji mlinzi nyuma yao. Na mkongwe ambaye jibu lake halipo, aambiwe mapema, kwa heshima, ili ajue pa kuelekea, asije akakaa msimu mzima wa baridi akingojea simu isiyolia.

Tena kuachwa si lazima kuwe mwisho. Pendleton alipokwisha kustaafu, Atlanta ilimrudisha kuwa mwalimu wa wapigaji wake kwa miaka mingi. Na vijana wale aliowalinda wakati wa uchanga wao ndio walioipa timu hiyo ubingwa wa mwaka 1995, yeye akiwa amekwisha kuondoka.

Jungu kuu halikosi ukoko, walisema wahenga. Maneno hayo ni kweli, lakini ukoko peke yake haulishi nyumba nzima. Mwenye busara hukwangua ukoko wake, na wakati huo huo huwa amekwisha kuinjika sufuria nyingine.