Sheria Haikutiwa Karantini

Kuna imani iliyoingia Kenya pamoja na virusi vya corona mwezi Machi 2020, na virusi vilipopungua makali, yenyewe ikabaki: kwamba janga likizuka, sheria hukaa kando mpaka mambo yatulie. "Hizi si nyakati za kawaida," alisema askari, akasema mwenye nyumba, akasema na mwajiri. Kibaya zaidi, tukaambiana sisi kwa sisi. Mtu akilalamika kapigwa kirungu njiani, jirani anamjibu ashukuru Mungu yu hai.

Huu ni upotofu, tena umewatia watu hasara.

Katiba ya 2010 haikusahau majanga. Kifungu cha 58 kinamruhusu Rais kutangaza hali ya hatari kwa siku zisizozidi 14. Zaidi ya hapo lazima Bunge la Kitaifa likubali. Kipindi chote cha corona, hali hiyo haikutangazwa. Kafyu ilisimama juu ya Sheria ya Utulivu wa Umma, na karantini juu ya Sheria ya Afya ya Umma, sheria kuukuu za siku zote, zenye mipaka yake. Yule askari aliyekwambia sheria imesimama alikuwa amevaa sare na kushika rungu kwa idhini ya sheria hiyohiyo. Na hata hali ya hatari ingetangazwa, Kifungu cha 25 kinataja haki zisizopunguzwa kamwe, na mojawapo ni kutoteswa wala kudhalilishwa.

Sasa rudi kivukoni Likoni, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Saa moja jioni haijafika. Watu wametoka vibaruani kisiwani Mombasa, wamejazana wakisubiri feri iwavushe makwao. Askari wakawarushia vitoza machozi, wakawashushia virungu, wakawalaza chini wamebanana, huku wakikohoa na kujifuta macho kwa mikono ileile waliyoambiwa waioshe kila saa. Serikali iliyohubiri watu wasikaribiane ndiyo iliyowalundika. Na kosa lao? Kafyu yenyewe haijaanza! Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa vitendo vya polisi. Kuomba radhi ni uungwana, ila hakumlipi aliyevunjwa mkono.

Najua jibu la wapenda amri: bila ukali tungekufa wengi. Basi wasome uamuzi wa Jaji Weldon Korir wa tarehe 16 Aprili 2020, katika kesi iliyowasilishwa na Chama cha Mawakili. Mahakama Kuu ilisema kafyu ni halali. Katika uamuzi huohuo ikasema nguvu ya kupita kiasi iliyotumiwa na polisi ni kinyume cha Katiba. Sheria ilitosha kuwazuia watu majumbani bila kumvunja mtu mbavu. Wenzetu hawa hunukuu nusu ya kwanza, kisha hufunga faili.

Karantini nayo ilikuwa kioja. Watu walishuka ndege, wakapelekwa hotelini na kwenye mabweni ya vyuo, kisha wakaletewa bili; waliokosa pesa wakazuiwa kutoka. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma kinadai cheti cha afisa wa afya na amri ya hakimu, na gharama zibebwe na serikali ya mahali. Mapema Mei 2020 serikali ikatangaza kwamba italipia waliomo katika vituo vya umma. Ni wangapi walikuwa wamekwisha kukopa kulipia kifungo chao wenyewe?

Lakini pigo lililowafikia wengi halikuwa la rungu. Lilikuja kwa ujumbe wa simu: corona imetubana, usije kesho. Mpishi wa hoteli aliyekaa jikoni miaka sita akafunga aproni yake kwenye mfuko akaenda zake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, alipe siku za likizo zilizobaki, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Mpishi wetu alistahili mshahara wa siku 90. Mwajiri aliyefilisika kweli hakukatazwa kupunguza watu; alikatazwa kuwapukuta kama makombo mezani. Hata ile "likizo bila malipo" ilihitaji mazungumzo na mfanyakazi, maana masharti ya kazi hayabadilishwi na upande mmoja.

Wengi hawakudai. Walisema ni corona, tutamshtaki nani? Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi miaka mitatu tu kufungua kesi. Aliyefutwa Aprili 2020 akanyamaza, mlango wake ulifungwa Aprili 2023.