Nani Kaukata Waya?

Hivi jamani, umenunua amplifaya yako kwa pesa yako, umenunua spika kwa pesa yako. Siku moja yule aliyetengeneza waya wa kuziunganisha anakwambia: waya huu nimeuacha, tafuta ustaarabu mwingine. Utamwelewa? Mimi simwelewi. Lakini kwenye muziki wa kompyuta jambo hilo limefanyika mchana kweupe, na maprodyuza wetu wakaitikia ndiyo mzee.

Nazungumzia ReWire.

Kwa wasioshinda studio, nieleze kidogo. Ndani ya kompyuta kila programu ya muziki ni nyumba yenye ukuta wake. Sauti ya kinanda kilichomo kwenye Reason haihamii Cubase kwa kupenda tu. Inakwenda kwenye kadi ya sauti, inatoka kwenye spika, basi. Mwaka 1998 kampuni ya Propellerhead ya Stockholm, ikishirikiana na Steinberg ya Hamburg, ilitoboa ukuta huo. Mwanzoni shida ilikuwa kuiunganisha ReBirth na Cubase. Reason ilipotoka mwaka 2000, tundu likawa barabara kuu. Ukibonyeza pleya kwa mwenyeji, mgeni naye anaanza papo hapo, wanatembea kwa saa moja. Ngoma inaingia kwenye miksa kwa njia yake, besi kwa njia yake, kinanda kwa njia yake. ReWire ya pili ilibeba njia 256 za sauti. Nani ana ngoma 256?

Ilikuwa na vituko vyake, sikatai. Ilibidi umfungue mwenyeji kwanza ndipo mgeni, na wakati wa kufunga mgeni atangulie kuondoka (adabu ya ugenini hiyo, hata bibi yangu angeikubali). Sauti ilitoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji tu, hairudi. Lakini ilifanya kazi! Pro Tools, Logic, Live, Reaper, hata FL Studio ambayo vijana wetu bado wanaiita Fruity Loops, zote zilikuwa na mlango huo.

Mwaka 2019 kampuni ikabadili jina, ikajiita Reason Studios. Tarehe 31 Desemba 2020 ReWire ikafikia mwisho.

Najua watakaoguna. Watasema: "Wewe mwandishi, siku hizi Reason yenyewe inaingia ndani ya programu nyingine kama plagini, tangu Reason 11 mwaka 2019. Unalilia nini?" Nalilia hivi. Kilichoingia kama plagini ni kabati la vyombo. Sikwensa, yaani pale ulipopanga noti zako, haikuja. Aliyepanga wimbo mzima ndani ya Reason, kisha sauti ya mwimbaji akairekodi Pro Tools, huyo hajapewa plagini, kapewa kazi ya kuhamisha noti moja moja. Nyumba mbili zilizokuwa zinaongea, sasa moja inaambiwa ikae sebuleni kwa mwenzake bila vitanda vyake.

Na wa pili watasema mali ni yao, wana haki ya kuiacha. Hapo ndipo ninapogombana nao hasa. Programu ni yao, sawa. Lakini njia ya kupita kati ya programu yangu na programu ya mtu mwingine inakuwaje mali ya mmoja wao?

Tazameni MIDI. Ilitoka mwaka 1983. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, watu wa kampuni zilizokuwa zinashindana sokoni, walikubaliana lugha moja na hawakumtoza mtu ada ya leseni. Matokeo yake, Yamaha DX7 ya mwaka huohuo 1983 unaichomeka leo kwenye kompyuta mpya kwa kifaa cha bei ndogo, na inaitika. Zaidi ya miaka arobaini! ReWire haikufika hata ishirini na tano.

Msidhani ni ReWire peke yake. VST2, mlango ambao plagini nyingi mno zilipitia, Steinberg waliacha kutoa leseni mpya mwaka 2018. Mwaka 2022 wakatangaza kuwa hata programu zao wenyewe zitaacha kuzifungua. Mwaka huohuo Bitwig na u-he, wote wa Berlin, wakachoka, wakatoa CLAP: mlango ulio wazi, hauombi ruhusa kwa mtu. Na mwaka 2025 Steinberg wenyewe wakaiachia VST3 kwa leseni huru ya MIT. Nawapongeza, lakini tangu 1996 VST ilipoanza mpaka hapo ni miaka mingapi? Kwa watu wa Linux ugomvi huu ni kichekesho tu. Wana JACK tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na sasa PipeWire. Wanavuta waya kutoka programu yoyote kwenda yoyote.

Sasa nyie maprodyuza wa Bongo mnaosema haya ni mambo ya wazungu. Nyimbo za miaka ile ziko wapi? Kwenye hadi diski, ndani ya mafaili yanayotaka programu mbili na waya ambao umeshakatwa. Msanii akija kesho kuomba besi peke yake ili atengeneze toleo jipya, mtampa nini, CD ya zamani?

Kama bado mna kompyuta ya zamani inayowaka, ifungueni wiki hii. Mwenyeji kwanza, mgeni baadaye. Toeni kila chombo faili yake, zote zianzie sekunde ya sifuri, mziite kwa majina yanayoeleweka. WAV, sio MP3.