Asiyekuwapo na lake halipo

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, ulikuwa na baraka za serikali, wawekezaji, mpango wa kuzalisha megawati 1,050 na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliyotolewa Septemba 2016. Leo hii mtambo huo haupo. Waliouzuia ni watu wa Lamu wenyewe.

Save Lamu, muungano wa makundi ya wenyeji, pamoja na wakazi watano, walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilifanyika kabla ya ripoti ya athari kwa mazingira kuwa tayari. Ripoti ilipokamilika, wavuvi na wakulima hawakuitwa kwenye kikao cha maana ili waelezwe kilichoandikwa humo na waseme wanavyokiona. Kampuni iliyotaka kuujenga mtambo haikukubali uamuzi huo. Ikaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi, na Oktoba 2025 ikashindwa tena.

Maoni yetu ni haya: mwananchi wa kawaida ana nguvu nyingi kuliko anavyodhani, mradi azitumie mapema, pamoja na wenzake, na kwa maandishi. Anayengoja hadi tingatinga lifike shambani, au hadi mswada upigiwe kura, amechelewa. Kufikia hapo mambo mengi huwa yameshaamuliwa katika mikutano ambayo hakuhudhuria.

Wapo wanaoona kwamba siasa ni jambo moja na mazingira ni jingine; kwamba la kwanza ni la wanasiasa na la pili ni la wataalamu na wafadhili. Wanakosea. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya na kuwaacha maelfu bila makao. Mvua ilitoka juu, lakini vibali vya kujenga kwenye kingo za mito vilitoka ofisini. Mitaro isiyozibuliwa ilikuwa na bajeti. Na serikali ilipoamua kuwaondoa watu kando ya mito ya Nairobi, waliobomolewa nyumba kwanza ni maskini wa mabanda ya Mathare na Mukuru. Nani ajenge wapi, nani abomolewe na nani aguswe mwisho, hayo ni maswali ya siasa.

Mwezi huo huo wa Mei, Mswada wa Fedha wa 2024 ukaja na tozo mpya kwa jina la mazingira. Katika rasimu ya kwanza tozo hiyo ingegusa nepi, taulo za hedhi, simu na magurudumu. Vijana waliokuja kujaza barabara mwezi Juni hawakuanzia barabarani. Walianza kwa kuusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi ambazo mama mboga na mwendeshaji bodaboda waliweza kuzifuata kwenye simu. Kabla hata ya kura ya mwisho, serikali ilikuwa imeshalegeza baadhi ya vifungu. Wabunge waliupitisha mswada tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Gharama ya ushindi huo hatuwezi kuipitia juu juu. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya mwaka huo, wengi wao vijana, na wengine wakatekwa nyara. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi awe mtulivu na asiwe na silaha. Damu iliyomwagika ni deni la waliofyatua risasi na waliowatuma. Asitwikwe aliyebeba bango. Hata hivyo hatumwambii mzazi yeyote amtume mwanawe mbele ya bunduki. Tunasema kwamba ipo kazi kubwa inayoweza kufanywa mapema, mambo yangali mezani, na kazi hiyo ikifanywa vizuri huenda wengi wasilazimike kufika huko.

Profesa Wangari Maathai aliijua kazi hiyo. Mwaka 1989, chini ya utawala wa chama kimoja, palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Alianza kwa barua. Aliandikia ofisi ya Rais, magazeti, mabalozi na mashirika ya kimataifa, akiuliza ni nani aliyeidhinisha, kwa fedha za nani, na wananchi wa jiji wakapumzike wapi. Wabunge walimkejeli bungeni na wakubwa wakamwambia anyamaze kama impasavyo mwanamke wa Kiafrika. Akaendelea kuandika. Wafadhili wa nje wakarudi nyuma, na jumba halikujengwa.

Wengi hukumbuka tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2004 na picha za Januari 1999, alipopigwa hadi akatoka damu kichwani kwa kupinga unyakuzi wa msitu wa Karura. Wanachosahau ni kwamba kabla ya hayo yote kulikuwa na Green Belt Movement, iliyoanza mwaka 1977 kwa wanawake wa vijijini waliolipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Wanawake hao walijifunza kuitisha kikao, kuweka hesabu na kumuuliza chifu maswali. Wangari alipohitaji watu, watu walikuwepo, kwa sababu walikuwa wameshazoeana kwenye vitalu vya miche.

Vivyo hivyo akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1992 walipiga kambi Uhuru Park, wengi wao wazee waliotoka mashambani, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwavamia kwa virungu na vitoza machozi. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa huru.  Akina mama hao walikuwa na dai moja linaloeleweka, na hawakuondoka.

Mfano mwingine uko Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa huko mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwaka 2009 kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani ili wapimwe damu, wabishe hodi katika kila afisi na waandamane. Alikamatwa na kushtakiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikawapokonya ushindi huo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia.

Miaka 15 ni mingi, na wapo waliofariki wakingoja. Hatuwezi kumdanganya msomaji kwamba haki huja haraka. Lakini vipimo vya damu za majirani vilizungumza mahakamani. Kama wangebaki kunung'unika kisimani, leo pasingekuwa na hukumu ya kudai.

Tunasikia mara kwa mara visingizio vitatu, na kila kimoja kinastahili jibu.

Cha kwanza: "Serikali haisikii." Mara nyingi ni kweli. Ndiyo maana neno la mdomo halitoshi. Kwenye mikutano mingi ya kukusanya maoni, mwananchi husaini orodha ya mahudhurio, hupewa soda na nauli, kisha orodha ile ile hutolewa kama ushahidi kwamba aliukubali mradi. Peleka maoni yako kwa maandishi, nakala mbili. Moja ibaki afisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Jopo lililosikiza kesi ya Lamu lilitazama ni mikutano gani iliyofanyika, lini, na nani aliambiwa nini. Mambo kama hayo huthibitishwa kwa karatasi.

Cha pili: "Mimi si mwathiriwa, sina kesi." Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Mwalimu wa Kitui anaweza kuutetea mkoko wa Lamu. Asiyeridhika na leseni iliyotolewa na NEMA anaweza kukata rufaa kwenye jopo ndani ya siku 60. Afisi ya umma inayoficha nyaraka inaweza kuombwa habari kwa barua chini ya sheria ya mwaka 2016, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, malalamiko huenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Na kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu, hata akiwa peke yake, kuliandikia Bunge ombi rasmi.

Cha tatu ndicho kizito: "Nina watoto wa kulisha. Siku ya mkutano ni siku ya mauzo." Hatumlaumu asemaye hivi. Jibu lake halimo katika ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Limo katika vikundi tulivyonavyo tayari. Chama cha akina mama kinachokutana kila mwezi kuchangishana, sacco ya bodaboda, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, jumuiya ya kanisa, kamati ya msikiti: vyote vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila kikundi kichague watu wawili kwa zamu. Wahudhurie mkutano wa wadi au wa kaunti, walipwe nauli kutoka mfuko wa kikundi, warudi na ripoti ya dakika kumi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kikundi cha watu thelathini kikituma wawili, wote thelathini wamekuwapo.

Nayo serikali isijifiche nyuma ya uvivu wa wananchi. Ripoti ya athari kwa mazingira yenye mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu haiwezi kuitwa habari iliyotolewa kwa umma wa Lamu au Kwale. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba. Kila ripoti ya mradi mkubwa iambatane na muhtasari wa Kiswahili chepesi. Tangazo lisiishie kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ambalo mvuvi hajawahi kulishika. Libandikwe sokoni, lisomwe redioni na msikitini, na mkutano uwekwe saa ambayo watu hawako baharini wala shambani. Mabunge ya kaunti, ambayo Katiba inayalazimisha kuushirikisha umma, yaanze kueleza hadharani ni maoni gani ya wananchi yaliyokubaliwa, yapi yalikataliwa, na kwa nini.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wanasiasa watakuja na fulana, unga na ahadi za miti. Wapokeeni kwa maswali ya karibu: ulipigaje kura mswada ule? Nani alipewa ardhi ya ukingo wa mto wetu? Bajeti ya mitaro ya wadi hii ilitumikaje? Ambaye hajajiandikisha kuwa mpiga kura ajiandikishe, kwa sababu swali la asiyepiga kura humsumbua mwanasiasa kidogo sana. Lakini kura huja mara moja kwa miaka mitano, ilhali leseni, vibali na bajeti hutolewa mwaka mzima.

Kwa hiyo tunamwomba kila msomaji afanye jambo moja kabla ya mwezi huu kwisha. Aende katika afisi ya mwakilishi wa wadi yake aulize ni mradi gani au mswada gani unaojadiliwa sasa, mkutano wake ni lini, na ripoti yake inapatikana wapi. Akijibiwa, aende na wenzake wakiwa wameisoma. Akizungushwa, aandike barua, atie tarehe, na aanze kuzihesabu siku 21.