Gari ya Mzigo Inazima Baada ya Kutoka Gereji? Funga Pochi Kwanza

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, leo tuongee gari. Najua hapa tumezoea kuongea bei, picha za bidhaa na wale wateja wa "nitakucheki". Lakini wengi wetu tuna kigari cha kupelekea mizigo, na kigari hicho kikilala, biashara inalala nacho hata kama oda zinaingia.

Msimamo wangu ni huu: gari ikifunguliwa injini, ikarudi, halafu ikaanza kuzimazima, usinunue kifaa chochote kipya mpaka vitu vyote vilivyoguswa gereji vikaguliwe upya, kimoja baada ya kingine.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu ya mtaji. Chukua mfano. Faida yako kwa oda moja ni shilingi 3,000. Unaambiwa "tubadilishe pampu ya mafuta tujaribu", 180,000. Hiyo ni faida ya oda 60 imeondoka kwa neno "tujaribu". Isipopona, kesho utaambiwa koili. Kesho kutwa plagi. Hapo unalipia kubahatisha kwa hela ya kununulia mzigo.

Injini ya petroli inataka hewa, mafuta na moto wa plagi, kila kimoja kwa kipimo na kwa wakati wake. Sasa fikiria kazi ya kushusha hedi kubadilisha gasketi. Fundi anachomoa manifoldi, mipira ya hewa, soketi za sensa, waya za noozeli, waya wa athi, na anagusa cheni au mkanda wa taimingi. Ni vitu vingi kuvirudisha. Kimoja kikikaa vibaya, injini itawaka vizuri mbele yako gereji, halafu itazima kwenye foleni.

Mimi nauza vyombo vya jikoni, Dar es Salaam. Gari yetu ilibadilishwa gasketi ya hedi, ikarudi, na siku ya pili ikaanza kuzima kila dereva akisimama kwenye taa. Nikasikia habari za pampu. Nikasema, "Fundi wangu, pampu hukuigusa na kabla ya kazi hii ilikuwa nzima. Tuanze na ulipopita mkono wako." Akakubali. Ilikuwa mpira mdogo wa hewa nyuma ya manifoldi, umepasuka mdomoni wakati wa kurudishwa. Pampu ile ile bado inafanya kazi.

Cha kufanya kwanza ni kuangalia gari inazima VIPI. Mwambie dereva aandike: ilikuwa imepata moto au ya baridi, imesimama au inapanda mlima, AC imewashwa au hapana. Kisha:

1. Inazima ikiwa silensa, ukikanyaga mafuta inakaa. Anza na hewa inayoingia kwa njia ya panya: mpira uliochomoka au kupasuka, gasketi ya manifoldi, bomba la hewa kati ya filta na throto bodi. Angalia pia throto bodi yenyewe kama ni chafu. Na kama betri ilichomolewa, kompyuta ya gari huenda imesahau kipimo cha silensa na inatakiwa kufundishwa upya. Kazi hiyo haihitaji kifaa kipya.

2. Inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka. Sensa ya kranki inashukiwa sana hapa, pamoja na soketi na waya wake. Kama hedi ilifanyiwa kazi, uliza pia kama nafasi za valvu zilipimwa.

3. Inakosa nguvu ikiwa na mzigo au mlimani, halafu inazima. Hapo ndipo mafuta yanaingia kwenye kesi: filta, pampu, presha. Na presha inapimwa kwa geji, haikisiwi.

4. Tangu siku ya kwanza ni nzito kuwaka, inatetemeka, haina nguvu. Waombe wahakikishe alama za taimingi. Jino moja likiruka linatosha kuharibu mpangilio wote.

5. Mshale wa joto unapanda. Simama, zima. Huenda hewa imebaki kwenye njia za maji baada ya kazi. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, utaungua.

Taa ya injini ikiwaka, gari ipimwe kwa mashine, lakini msome kwa akili. Kodi P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko mafuta. Haijasema nunua sensa. P0335 inasema umeme wa sensa ya kranki una shida. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa soketi ambayo haikubana. Kodi inakuonyesha mtaa, nyumba mnatafuta wenyewe.

Nisiwaonee mafundi. Kuna siku kifaa cha zamani kinakufa kwa bahati mbaya wiki ile ile ya matengenezo, na fundi hana kosa. Ndiyo maana nasema ANZA na kilichoguswa, sisemi fundi ndiye mwenye kosa. Kikaguzi kinaanzia pale kwa sababu ndipo mabadiliko yalipotokea, na kuangalia soketi na mipira ni bei rahisi kuliko kitu kingine chochote. Vikionekana vizima, vipimo vikasema pampu, nunua pampu bila kinyongo.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Gari inayozima isiingie barabara kuu na mzigo. Injini ikizima gari ikiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki baada ya kukanyagwa mara chache inakuwa ngumu. Oda za siku hizo wape bodaboda, na waambie wateja mapema kuwa mzigo utachelewa kidogo. Mteja aliyeambiwa ukweli anasubiri.

Na kabla hujamalizia malipo ya kazi kubwa, weka makubaliano ya maandishi: nini kimefunguliwa, nini kimebadilishwa, vifaa vya zamani upewe, na siku ngapi fundi ataikagua bure ikisumbua. Kisha mwendeshe gari pamoja mpaka ipate moto kabisa, AC na taa vimewashwa, msimame kwenye foleni. Kuizungusha uwanjani dakika mbili hakutoshi.

Sisi wenyewe mteja akirudisha blenda anasema haizunguki, hatumuuzii nyingine palepale. Tunaifungua tuone jagi limekaa sawa. Mdai fundi wako kitu hicho hicho, kwa heshima, na mtaji wako utabaki dukani.

Mtumie mwenzako mwenye kigari cha mzigo. Na wewe uliyepitia hili, tuambie hapo chini ya kwako ilikuwa nini.