Dirisha la Wenye Haraka



Huko Florida, Marekani, kampuni ya Disney ina bustani kubwa za michezo ambazo watu huzifuata kutoka kila pembe ya dunia. Familia hulipa kiingilio, kisha hupanga foleni kwa kila mchezo, na foleni moja huweza kula saa nzima au zaidi. Mwaka 1999 kampuni ilianzisha utaratibu wa tiketi ya muda: unaichukua, unakwenda kutembea, unarudi saa uliyopangiwa na kupita mlango wa pembeni. Haikuwa na malipo ya ziada. Aliyelipa kiingilio alikuwa na haki nayo, awe tajiri au mtu aliyedunduliza miaka mitano ili awalete watoto wake. Utaratibu huo ulisimama mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19 na haukurudi. Mwaka 2021 ikaja huduma ya kulipia, ikianzia dola 15 kwa mtu kwa siku, na mwishoni mwa mwaka 2024 ikaongezwa pasi ya juu kabisa ambayo siku za msongamano, katika bustani yao maarufu kuliko zote, ilifika dola 449 kwa mtu mmoja. Kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni moja, na kiingilio hakimo humo.

Msomaji wa Nyamwaga au wa Natta atauliza hayo yanatuhusu nini. Huku hatuna vigari vya kupaa juu ya reli. Tuna nyumbu, tuna mnada, tuna mpaka wa Sirari, na foleni zetu ni za ndoo, za mashine ya kusaga na za zahanati. Lakini wazo lenyewe limekwisha kuvuka bahari. Katika mazungumzo ya walei tumeanza kulisikia likisemwa kwa nia njema kabisa: zahanati ya parokia ifungue dirisha la pili, la wenye haraka. Anayeongeza kiasi fulani aonwe na tabibu bila kusubiri kwenye benchi, apewe risiti, na fedha zikasaidie kununua dawa na kulipa wahudumu.

Tunataka kulitazama wazo hilo kwa haki, maana wanaolitoa si watu wabaya. Wanaijua zahanati. Wanajua mwisho wa mwezi unavyokuwa, umeme ukidai na muuguzi akidai. Wanaona pia kwamba wilaya zetu mbili zina watu wenye uwezo: wafanyabiashara wa Sirari, wafanyakazi wa mgodi kule Nyamongo, madereva na wahudumu wa hoteli za kitalii upande wa Serengeti. Hawa wakikuta benchi limejaa, huwasha gari wakaenda Musoma au Mwanza, na fedha yao inakwenda nao. Wanasema kwa nini tusiwape njia, na fedha yao ikamtibu maskini?

Hoja hii ina uzito. Tena wanaongeza nyingine yenye uzito zaidi: kwamba kuruka foleni kwa fedha kupo tayari katika maisha yetu, ila hupitia mlango wa nyuma. Mtu anampa mhudumu chai, jina lake linapanda juu. Je, si afadhali ile chai igeuzwe kuwa risiti, iingie kwenye hesabu za parokia?

Hebu tupige hesabu ndogo. Zahanati ina tabibu mmoja. Tuseme kila mgonjwa anachukua dakika kumi. Asubuhi hiyo wakija watu watano wa dirisha la haraka, kila aliyeko kwenye benchi anaongezewa dakika hamsini. Mama aliyetoka kijijini kabla jua halijachomoza, mtoto mgongoni ana homa, amelipa dakika hamsini. Fedha imeingia kwenye sanduku la zahanati, lakini kilichouzwa ni muda wake yeye, naye hakuulizwa. Basi risiti inatibu nini? Inatibu wizi aliofanyiwa mwajiri. Wizi aliofanyiwa yule mama umebaki palepale, sasa una mhuri.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sukari na sabuni zilipoadimika, watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika tangu alfajiri, na wengine walishikiwa nafasi na jiwe au kikapu. Kilichowachoma moyo hakikuwa foleni. Walichoka nayo, ndiyo, lakini waliivumilia. Kilichowachoma ni kufika mbele na kuambiwa sukari imekwisha, wakati jioni ileile inauzwa uani kwa bei ya kulangua. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ina mengi ya kujadiliwa, na hapa si mahali pake. Tunachokumbusha ni ile hasira ya mtu aliyesubiri kwa haki.

Na leo, nenda kwenye bomba lolote la kijiji. Utakuta madumu yamepangwa mstari, wenyewe hawapo, wengine wako shambani. Hakuna askari. Jirani analisogeza dumu la jirani yake maji yanapofika. Anayekuja na baiskeli na madumu sita ya biashara akitaka kupenya mbele kwa kumpa mshika ufunguo shilingi elfu moja, kelele zitakazopigwa zitasikika hadi mtaa wa pili. Watu wa Mara si wapole katika jambo la kuonewa!

Lakini tusiseme kwamba kila tofauti ya malipo ni dhambi. Kwenye lango la Ikoma, Mtanzania mzima hulipa shilingi 10,000 kabla ya kodi kuingia Hifadhi ya Taifa Serengeti, na mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 70 katika msimu mkuu. Hakuna anayeonewa hapo, kwa sababu mgeni kulipa zaidi hakumsukumi Mtanzania nyuma. Vilevile abiria wa basi anayelipa zaidi apate kiti kipana anafika Dar es Salaam saa ileile na mwenzake wa kiti chembamba. Amenunua raha; zamu ya mtu hajaigusa. Hata mgonjwa aliyelazwa akilipia chumba cha peke yake, sisi hatuoni ubaya, mradi daktari anapita kwa wote. Mpaka uko mahali pamoja tu: pale fedha ya mmoja inaposogeza nyuma mwili wa mwingine katika jambo ambalo wote wawili wamelijia kwa shida.

Ndiyo maana bustani ya Florida ni jambo jepesi. Mtoto aliyekosa mchezo mmoja atalia kidogo, kisha atakula aiskrimu. Ila hata jambo jepesi lina funzo la kuogofya, nalo ni hili: mwenye kuuza pasi ya kuruka foleni ananufaika foleni ya kawaida inapokuwa ndefu. Benchi likiwa tupu, nani atanunua? Profesa Michael Sandel wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kiitwacho What Money Can't Buy, alianza sura ya kwanza kabisa na jambo hili la kununua nafasi ya mbele. Sisi tunaongeza la kwetu: zahanati inayoishi kwa fedha za dirisha la haraka itapoteza taratibu hamu ya kufupisha benchi. Hakuna atakayeamua hivyo kikaoni. Itatokea tu, kama maji yanavyofuata mteremko.

Fedha nyingi pia humfanya mtu aone mahali pa mbele ni pake. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu huvuka mto Mara pale Kogatende, kaskazini mwa hifadhi, na magari ya watalii hujipanga kingoni. Julai 2025 zilienea video za watalii walioshuka kwenye magari na kusogea hadi kwenye njia yenyewe ya nyumbu, na TANAPA ikalazimika kutoa taarifa kwa umma. Hakuna pasi ya mbele inayouzwa Kogatende. Lakini mtu aliyelipa maelfu ya dola na kuvuka mabara mawili anaona uchungu kusimama nyuma ya gari la mwingine, na dereva wake anajua bakshishi iko wapi. Nyumbu hawakuwa na wa kuwasemea isipokuwa mamlaka.

Turudi kwenye Maandiko, maana sisi ni watu wa seminari na tusipofanya hivyo mtatushangaa. Injili ina foleni nyingi kuliko tunavyodhani. Katika sura ya tano ya Yohane kuna yule mgonjwa wa miaka thelathini na minane kando ya bwawa. Shida yake haikuwa ugonjwa peke yake: kila alipojikokota kwenda majini, mwingine alimtangulia, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumshika. Bwana alimwendea huyo aliyekuwa wa mwisho siku zote. Katika Marko sura ya tano, Yairo, mkubwa wa sinagogi, ana haraka ya kweli, binti yake yu mahututi. Na Bwana anakwenda naye. Njiani anasimama kwa ajili ya mwanamke asiye na cheo wala fedha, maana zote zilikwishia kwa waganga. Yairo alisubiri. Hakuambiwa kwamba kwa cheo chake alistahili kutosimamishwa.

Mtu atatukumbusha wale wanne wa Marko sura ya pili, waliobomoa dari na kumshusha mwenzao mbele ya umati wote. Waliruka foleni, ndiyo! Walimruka nani? Umati ule ulijaa mlangoni ukisikiliza, na yeye alikuwa amepooza. Waliomtanguliza walitazama hali yake. Ndivyo hufanya muuguzi mzuri anapomwona mtoto anayetetemeka akampitisha mbele ya kijana mwenye jipu, na ndiyo maana ya yale matangazo kwenye vituo vya afya yanayotuomba tumpishe mzee. Anayepisha hapo anatoa kilicho chake kwa hiari, na aghalabu mzee humbariki.

Kwa waseminari tuna neno la pekee, kwa sababu ninyi ndio mtakaoshika ufunguo wa madirisha haya. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 947, inataka sadaka ya Misa iwe mbali hata na kile kinachofanana tu na biashara. Kanuni ya 848 inamtaka mhudumu aangalie wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini, na ya 945 inawahimiza mapadre waadhimishe Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata wasipopokea kitu. Kanisa lilijifunza haya kwa maumivu ya karne nyingi tangu Simoni mchawi alipotaka kuwapa Mitume fedha. Sasa mtu akija ofisini Jumamosi na bahasha nene, akitaka nia yake isomwe kesho na ya mjane aliyeandikisha wiki tatu zilizopita isogezwe, paroko anajua la kufanya. Zahanati si sakramenti, tunajua. Lakini mjane ni yuleyule, na ubao wenye jina la parokia ni uleule.

Basi fedha za dawa zitoke wapi? Swali hilo hatulikimbii. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina mpango wa wagonjwa binafsi, na zipo hospitali zenye kliniki za jioni. Njia ya saa za ziada inaweza kuigwa kwa kiasi chetu: tabibu akubali kufanya kazi saa mbili baada ya saa zake, alipwe kwa saa hizo, na wenye uwezo waje wakati huo. Dakika za benchi la asubuhi zisiguswe hata moja. Kama haiwezekani kupata saa za ziada, basi hakuna cha kuuza. Jumuiya ndogondogo nazo zihimize kaya kujiunga na bima ya afya. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ilikuwa bei ya kuku wawili au watatu. Na wale wafanyabiashara wa Sirari waombwe waziwazi wakati wa mavuno. Wengi wao mama zao wamekaa kwenye benchi hilohilo.

Halmashauri zitakapokaa, tunaomba jambo moja dogo litangulie mengine yote: namba. Vibao hamsini vya mbao vyenye tundu, vitundikwe kwenye misumari mlangoni, anayefika achukue cha juu, na muuguzi awe na vibao vitano vyekundu vya wagonjwa mahututi ambavyo hakuna mwingine wa kuvitoa. Seremala wa parokia anaweza kuvimaliza kwa siku moja.