Waacheni Wafunike Magari Yao

Pita kwenye maegesho ya maghorofa ya Upanga, Dar es Salaam, au Nyali kule Mombasa. Magari yote yanaota jua isipokuwa moja, lililovikwa kava kuanzia boneti hadi bampa la nyuma. Mara nyingi hilo ni gari la spoti lililoshuka melini kutoka Japani: Nissan Fairlady, Mazda RX-8, Subaru Impreza WRX. Na mwenyewe hasalimiki na maneno ya watu. Anadekeza chuma, wanasema. Ana wasiwasi uliopitiliza. Mimi naona anaonewa.

Hoja inayopendwa zaidi ni ya Probox: mbona inalala juani mwaka mzima na asubuhi inabeba mzigo kama kawaida? Inabeba, ndiyo. Lakini panda ngazi ulitazame paa lake. Rangi imepauka, klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, imebanduka mabaka mabaka, na huku mbele taa zimeingia umanjano. Mwenye Probox hapotezi kitu, kwani mnunuzi wake atauliza injini na springi. Anayeuza RX-8, gari ambalo Mazda iliacha kulitengeneza mwaka 2012, anakutana na mnunuzi wa aina nyingine, anayeinama na tochi kukagua kila mlango kama umewahi kupigwa rangi.

Halafu kuna kunguru. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kumaliza taka, na sasa wametawala kila mwarobaini wa pwani. Kinyesi chao kikidondoka saa nne asubuhi, kufikia saa nane kimeshakauka. Boneti ikiwa ya moto, klia hulainika na kutanuka kidogo. Jioni ikipoa, hunywea na kushika umbo la ule uchafu. Unafuta, unaosha, unapiga polishi, bado kivuli chake kinaonekana ukitazama kwa upande. Klia yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, kwa kawaida kati ya mikroni 40 na 50. Kila unapoisugua kuondoa alama, unaipunguza, na haiongezeki tena.

“Basi akapige rangi upya.” Anayesema hivi hajawahi kusimama gereji akilinganisha mlango mmoja na mwingine. Rangi ya lulu au ya metaliki hubadilika kulingana na mwanga unavyoipiga, na fundi wa bodi, hata awe hodari, huchanganya rangi ya leo ili ifanane na ya miaka 15 iliyopita. Chini ya bati la gereji milango inafanana, mkitoka nje mchana mnaona tofauti.

Wapo wanaodai kava linaita wezi, kwamba ukificha ndipo watu wanataka kujua kilichofichwa. Jirani anayejua gari lako analijua hata likifunikwa. Mpita njia wa usiku, ambaye kazi yake ni kuchomoa vioo vya pembeni, anataka kifaa anachokiona na kukifikia upesi. Kava lililofungwa kamba chini ya gari linamchelewesha. Halimzuii, wala sitadai hivyo. Lakini watu hao hao wanaosema jirani kazidi wamechora namba za usajili kwenye vioo, taa na madirisha ya magari yao, na hakuna anayewaambia wamezidi.

Kuhusu madai kwamba anayefunika gari haliendeshi, jibu ni fupi. Ana gari jingine la kwenda kazini kwenye foleni, au anapanda daladala. Hili analitoa wikendi. Gari linalosimama siku tano kwa wiki ndilo linalopigwa jua, vumbi na majani kuliko linalotembea, na kwa baadhi ya magari majani ni balaa hasa. Mazda Roadster, ile ya paa la kukunja iliyoanza mwaka 1989, ina vitundu vya kupitisha maji nyuma ya viti. Iegeshe chini ya mwembe bila kava, majani yazibe vile vitundu, masika yaingie: maji hutuama ndani ya vizingiti vya milango na kutu huanzia humo, mahali usipoweza kuona.

Imebaki hoja moja yenye ukweli, nayo ni kwamba kava lenyewe huharibu gari. Ukiona mtu anatandika turubai la nailoni juu ya gari lenye vumbi, upepo wa kusi ukalipeperusha usiku kucha, ujue anaipiga msasa rangi yake. Akilifunika likiwa limelowa, amefungia unyevu ndani, na akichelewa kulifunua atakuta ukungu kwenye viti na kutu kwenye skrubu. Hapo wakosoaji wamesema kweli. Ila kosa hilo ni la namna ya kufunika. Kava linalofaa lina kitambaa laini kwa ndani na linapitisha hewa, na linavishwa juu ya gari lililooshwa, likakauka na kupoa. Lina kamba za kulikaza lisicheze. Likichafuka kwa ndani nalo lifuliwe, kwa sababu mchanga uliobaki humo utakwaruza boneti ile ile uliyotaka kuilinda.

Na kuna mahali ambapo hata kava bora halifiki. Hewa ya chumvi inaingia kwa chini, kwenye chesisi, mabomba ya breki na ekzosi, na wapo wanaofunika kwa bidii lakini hawajawahi kuosha uvungu. Hao ningewaambia wafanye yote mawili: baada ya safari ya ufukweni, wapige uvungu maji baridi kwa presha, waliache gari likauke vizuri, ndipo walifunike.